Saruji Ndani ya Ngama

Mume wangu watu walimwita Msumari, kwa wembamba wake na kwa ugumu wa kichwa. Miaka thelathini na minane alitengeneza mashua za watu, na mimi nilitembea barabarani kifua mbele kwa kuitwa mke wa fundi. Mpaka ilipoletwa mashua ya mwalimu.

Ilikuwa mashua kuukuu ya matanga. Mwalimu alikuwa amestaafu mapema ili ahamie humo na mkewe na binti yao wa miaka minne, watembee bandari hadi bandari. Msumari aliifanyia kazi mwaka mzima: mlingoti mpya, jiko, vitanda, rangi nyeupe ya kuumiza macho. Mimi nikapewa kushona vifuniko vya magodoro.

Siku tatu kabla ya kushushwa majini niliingia kupima vitanda. Uvundo ukanipokea mlangoni, kama panya aliyefia kwenye ndoo ya maji ya kuoshea samaki.

“Mzee, humu kunanuka.”

“Rangi hiyo, mama. Itakauka.”

“Rangi gani inanuka panya?”

“Basi panya ndiye aliyepaka.” Akacheka peke yake.

Nikainua ubao wa sakafu nione ngama, lile tumbo la chini ambako maji machafu hutuama. Sikuona ngama. Niliona saruji, imesawazishwa vizuri kama sebule ya mtu. Kando ya saruji yalichomoza mataruma, yaani mbavu za mashua. Nikachoma moja kwa mkasi wangu. Mkasi ulizama mpaka kwenye vidole, kama kwenye mkate uliolowa chai, na maji meusi yenye utelezi yakanitiririkia mkononi. Nikachoma la pili, la tatu. Yote uji mtupu. Wanasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Huu wa Msumari ndani hata mti haukuwemo.

Nikamwita aje aone. Hakushuka. Alisimama juu ya ngazi akaniangalia.

“Magoti yangu hayaingii tena humo chini,” akasema. “Hayo mataruma ningeyakataje? Saruji itabana. Mwaka, miwili, itakaa.”

“Na wa tatu?”

“Wa tatu watakuwa mbali.”

Uvundo nilikuwa nimeshauzoea. Maneno hayo ndiyo yaliyonitoa chai ya asubuhi. Nilitapika mlemle ngamani. Nimezaa na mtu huyu watoto watano.

Nikiwa bado nafuta mdomo, mke wa mwalimu akafika na sufuria zake, mtoto kamshika gauni, anauliza kitanda chake ni kipi. Nikachukua nyundo na patasi, nikapiga saruji. Kipande kikaruka, uvundo wote ukapanda juu. Mtoto akaziba pua.

“Jamani, mama! Mbona unavunja?”

Nikafungua kinywa. Msumari akaniwahi kutoka ngazini: “Nimemtuma mimi akague. Mke wangu ana pua huyo, dada! Tumegundua mbao zimeoza. Mashua haishuki.”

Mwanamke akaweka sufuria chini, akamshika Msumari mkono. “Fundi, mafundi wa kweli kama wewe wamebaki wangapi?”

Naye, hivyohivyo, akaweka kiganja kifuani.

Nikaweka nyundo chini. Nilichotaka ni mashua isishuke, na haikushuka. Miezi minne nililala kwa tumbo kwenye uchafu ule, nikachimba saruji, nikang’oa mataruma mabovu na kufunga mapya, yeye akiamuru kutoka juu kwenye kivuli: “Kaza! Si hapo, mama, hapo!” Tope lile niliogea ndimu na majivu, lisitoke kwenye kucha.

Mashua ilishuka, haikuingiza hata kikombe cha maji. Kutoka kila bandari mwalimu alituma barua, na kila barua ilianza kwa kumshukuru fundi mwaminifu. Msumari alizisoma kwa sauti wakati wa chakula, polepole, akirudia pale palipomfurahisha. Nilikuwa nabeba sahani yangu, naenda kula jikoni.