Jibu Langu kwa Mwanasheria Mkuu

Miaka ya tisini, nilipokuwa karani katika ofisi moja ya serikali Homa Bay, ilikuja barua kutoka kwa Mwanasheria Mkuu. Nchi yetu na jirani zake zilikuwa zinaandaa mkataba wa ushirikiano, na yeye ndiye aliyeishauri serikali kuhusu sheria za kutuunganisha. Kabla ya kukutana na wenzake, alitaka majina ya Wakenya waliozuiliwa ng'ambo ya mpaka, ili awaombee waachiliwe. Jibu lifike kabla ya Jumatatu.

Ilikuwa Alhamisi. Barua hiyo ilikuwa imelala kwenye trei yangu siku tisa.

Nje, kwenye benchi, alikaa mama mmoja wa kisiwa cha Mfangano. Mumewe, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alikuwa amefungwa upande wa pili wa ziwa kwa kufanya biashara bila kibali.

"Karani, benchi hili sasa ni boma langu," aliniambia. "Bado kuweka mafiga tu."

"Barua ya chifu iko wapi, mama?"

"Chifu yuko matangani tangu Jumatatu. Nimfuate kaburini?"

Bila barua ya chifu hatukufungua faili, na bila faili, kwetu sisi, hakukuwa na mtu. Nikaandika jibu tulilozoea kuwapa wakubwa wa Nairobi: "Hakuna." Mkubwa wangu akatia sahihi akiwa amesimama. Gari la posta likaondoka saa nane.

Saa tisa mama, aliyekuwa amemfuata chifu huko huko matangani, akaingia na barua yake, imelowa jasho la kiganja. Simu ilikuwa mbele yangu. Ningepiga Nairobi, niseme nimekosea, waongeze jina moja. Lakini wangeuliza ni nani aliyeandika "Hakuna", na niliogopa kupoteza kazi yangu.

"Itafika?" akauliza.

"Itafika, mama."

Nikaitia kwenye droo.

Wenzetu wa ofisi ya Migori walipeleka majina matatu. Haukupita muda mrefu, wafungwa hao watatu wakarudi kwao. Mama alisikia sokoni, akaja mbio.

"Wa Migori wameachiliwa! Huyo mwanasheria amesema nini juu ya wangu?"

Hapo ndipo ningemwambia.

"Bado tunangoja," nikasema.

Mumewe alimaliza kifungo chote. Aliporudi, amekonda, mkewe alimleta ofisini pamoja na mfuko wa omena.

"Huyu ndiye aliyetuhangaikia," akamwambia.

Mzee yule alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikaupokea mfuko. Barua ya chifu ilikuwa bado ndani ya droo iliyokuwa ikinigusa magoti.