Herufi Kubwa za Dada

Fundi makochi alikuwa na ugonjwa ambao mkewe alishindwa kuupa jina. Akitoka karakana, mikono bado inanata gundi, mbio kwenye kompyuta. Na si kucheza! Angekuwa anacheza, mkewe angeelewa. Alikuwa akifumua mchezo uliotengenezwa na watu wengine, mchezo wa kulima shamba, anabadilisha herufi na rangi, kisha anauweka mtandaoni wenye shida wauchukue bure. Mwenyewe aliita kazi hiyo kiraka. Wenzake wa mtandaoni, ambao hajawahi kuwaona hata kwa picha, aliwaita washona viraka.

"Na hao wenye mchezo wao wanakulipa?" mkewe aliuliza.

"Hata hawanijui."

"Haya. Na wanaochukua?"

"Wanasema asante."

"Basi kesho nitainjika asante jikoni, tuone kama itachemka!"

Fundi alicheka tu. Angejibu nini, na sababu yenyewe ilikuwa imekaa pale dirishani inakunywa chai?

Sababu ilikuwa dada yake mkubwa. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake: alimwogesha, alimchapa, alimsomesha kwa mshahara wa kupiga chapa ofisini. Sasa alikuwa na presha ya macho. Daktari alisema matone yatapunguza mwendo wa ugonjwa tu, kilichokwisha kupotea hakirudi. Jamani, fundi huyu alikuwa ameshafufua makochi yaliyovunjika mgongo, yaliyoliwa na panya, yaliyokojolewa na watoto wa vizazi viwili. Lakini hili halikuwa la msumari wala uzi. Alitoka kwa daktari akiwa amemshika dada mkono, akimwonyesha kila shimo la njiani.

Dada aliupenda ule mchezo. Kila akija alipanda mahindi, akalisha ng'ombe, akagombana na jogoo wa kwenye kioo utadhani anamsikia. Tatizo maandishi. "Hawa walimwandikia nani, sisimizi?" alilalamika, pua imegusa kioo. Basi fundi akashika kile alichoweza kushika. Akajifunza kufungua mafaili ya mchezo, akaharibu, akarudia, akaharibu tena mpaka mchezo ukagoma kuwaka. Mwishowe maneno yakatoka kwa Kiswahili, makubwa, ya njano juu ya weusi, na kila taarifa akaipa mlio wake: mvua kengele, njaa ya ng'ombe ngoma, mahindi yakikomaa filimbi. Dada alipiga kigelegele mpaka jirani akachungulia.

Fundi akaona ni uchoyo kukaa na kitu kama hicho peke yake, akakitoa. Mzee mmoja wa mbali akamwandikia kwamba sasa anacheza na mjukuu wake bila kusomewa. Fundi aliusoma ujumbe huo katikati ya kazi, akausoma tena, akasingizia vumbi la sponji limemwingia machoni. Tangu hapo kila dada aliposema, "Ongeza kidogo," aliongeza ukubwa wa herufi kidogo, akatoa toleo jipya, na sifa zikamiminika. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Washona viraka wana desturi yao. Wakijaribu herufi hawaandiki maneno ya kweli, wanaandika upuuzi wowote utakaoonekana haraka, halafu wanaufuta. Fundi, mtu wa utani, mahali pa "Mvua inakuja" aliandika: DADA MKUBWA ANAKOROMA KAMA TREKTA. Akasahau kuufuta. Akatoa toleo vilevile.

Asubuhi yuko karakana anapigilia kitambaa, ujumbe ukaanza kuingia. "Fundi, shamba langu halipati mvua, linapata makoromo tu!" Alicheka mpaka nyundo ikamponyoka. Kisha akakumbuka kwamba leo dada amekuja kwake, na kwamba kompyuta ile ndiyo yenye toleo hilo hilo. Yallah! Leo nachapwa na mvi zangu, alijisemea, akatoka mbio. Njia nzima alikuwa akitunga namna ya kujitetea, na kusema kweli, matusi ya dada aliyasubiri kwa hamu.

Alimkuta amekaa wima mbele ya kompyuta, vidole vinatembea kwenye vitufe kama enzi zake za ofisini. Kengele ikalia. Maneno yakajaa kioo kizima, ya njano, makubwa kama bango la duka: DADA MKUBWA ANAKOROMA KAMA TREKTA.

Dada hakushtuka. Wala hakucheka.

"Umekuja?" alisema. "Safari hii umepatia, mdogo wangu. Nasoma kila kitu, hata miwani nimeiweka kando."

"Imeandika nini hapo, dada?" fundi aliuliza.

"Si mvua inakuja? Au na wewe macho yameanza?" Akacheka mwenyewe, uso umeelekea pembeni kidogo ya kioo.

Mkewe alikuwa mlangoni na sufuria mkononi. Aliyasoma maneno yale, akamtazama mumewe, akaiweka sufuria chini.

"Ndiyo," fundi alisema. "Mvua inakuja."

Jioni alikaa kuondoa ule upuuzi, maana kulikuwa na watu wengine wanaosoma. Dada, akiwa anavaa viatu kwa kupapasa, akamwita.

"Lile toleo lijalo, ziongeze kidogo tu. Kidogo."

"Nitaziongeza, dada."

Akaziongeza. Akaziongeza mpaka neno MVUA peke yake likajaza kioo, na hapakubaki nafasi ya herufi nyingine. Mkewe akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Zitafika wapi hizo?" aliuliza polepole.

"Sijui," alisema fundi. "Mimi najua kuongeza tu."