Kiti cha Mbele

Juzi, kwenye gereji moja ya Miembeni, fundi alikanyaga pedeli ya breki ya gari langu la mtumba, ikazama mpaka chini. Akakanyaga tena na tena, ndipo ikapanda kidogo.

"Mafuta ya breki yanavuja, dada," akasema.

Nilisimama pale, nikisikia harufu ya kahawa.

Alasiri moja, nikiwa bado mtoto mdogo, tulikuwa tunatoka Nshamba kwa gari la baba, mimi nimepakatwa na mama kiti cha mbele, kiti cha nyuma kimejaa magunia ya kahawa kavu. Kwenye mteremko baba alianza kukanyagakanyaga kwa mguu wa kulia. Nilidhani amekumbuka wimbo, nikampigia makofi. Kitu kilinuka kuungua. Nikasema kuna watu wamesahau kahawa yao kikaangoni.

"Waitu, jamani, Baba Koku, breki inashika?" mama aliuliza.

"Haishiki."

Mama akaninyanyua, akanisukumia nyuma katikati ya magunia, kisha akavuta moja akanikinga nalo. Nililia kwa hasira. Kule mbele kulikuwa kwangu, na sikuwa nimekosa kitu. Yeye alibaki palepale, rozari mkononi, gari likizidi kukimbia, mpaka baba alipoliingiza kwenye shamba la migomba.

Gari likagonga migomba, likasimama. Mama aligeuka taratibu, damu ikimtiririka usoni, akanipapasa kichwa, mikono, miguu.

"Koku, unaumwa wapi?"

"Nataka kukaa mbele," nikamwambia.