Ukindu Mweusi, Ukindu Mwekundu

Harufu ya ukindu uliolowekwa kwenye rangi ya moto hata leo hunirudisha hatua moja nyuma. Watu hudhani naipenda tu, kwa kuwa nimesuka makawa ya kufunikia chakula maisha yangu yote. Naipenda, ndiyo, lakini huwa naiogopa kwanza. Sisi Wanubi wa Kampala, wanawake wengi ni wasukaji. Mama yangu alisuka, na bibi pia, aliyebaki na meno mawili tu na hakuacha kucheka, ila huyo tumwache.

Nilikuwa darasa la nne, shule moja upande wa Mengo. Mwaka ule madamu wetu wa Kiingereza alituletea vijineno vinavyokaa mbele ya majina ya vitu: a, an, the. Kwetu nyumbani kikapu ni kikapu, hakihitaji askari wa kukitangulia. Madamu alisema kitu kikitajwa mara ya kwanza kipewe a, kikishajulikana kipewe the. Kila asubuhi aliinua kitu, akamnyooshea mtu rula, nawe usimame useme sentensi mbili. Ukikosea, rula ilishuka kwenye vifundo vya vidole, pale penye mfupa mtupu. Mimi hofu ilinianza nyumbani, nikivaa viatu. Nilikuwa nimesharudia darasa mara moja, na baba alishamwambia mama, "Huyu akirudishwa tena, basi. Atakaa nawe hapa asuke."

Nikafanya kama mama. Yeye hakujua kusoma, lakini hakusahau mchoro wa kawa hata mmoja, maana alijifunga kindu vidoleni, rangi kwa rangi, akazipapasa kwa dole gumba. Nikajifunga ukindu mweusi kidole cha shahada: kitu kigeni, a. Mwekundu cha kati: tunachokijua, the. Kwa an nilipiga fundo kwenye ule mweusi. Nikawa najisomea jikoni, mpaka mama akauliza, "Wewe, unasali au unaisemesha sufuria?"

Siku ya mtihani wa mdomo tuliitwa mmoja mmoja mezani. Madamu aliinua yai. Nikapapasa fundo, nikajibu. Nikapapasa mwekundu, nikajibu. Kikombe, mwavuli, kengele. Kisha macho yake yakashuka mikononi mwangu. Aliuliza ni nini zile, kama nimeficha majibu. Nikakunja vidole. Akanifungua kindu moja moja, akaziweka mezani, akaniambia nisubiri nje. Pale nje mkojo wa moto ulinishuka miguuni. Sikusubiri. Nilikimbia hadi nyumbani, nikajificha nyuma ya mafungu ya ukindu wa mama, uliokuwa bado unanuka rangi ya moto.

Sasa niseme jambo ambalo sijamwambia mtu: hakuna aliyenifukuza shule. Siku ya tatu madamu alikuja mwenyewe, nikamsikia mlangoni na Kiswahili chake cha kukwaruza: "Mama, mutoto iko wapi? Yeye alipita yote. Hii kamba yake, mimi naleta." Mama aliniita mara tatu. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono yote miwili, nikijua ni mtego. Jioni baba mwenyewe aliniuliza kama nitarudi shule. Nikatikisa kichwa, naye hakuuliza tena.

Mjukuu wangu, ninayekaa naye hapa Kansanga, anafundishwa vijineno vilevile. Mwalimu wao hana rula. Wakikosea wanacheka, na yeye anacheka. Juzi mtoto alinisukumia daftari. "Haboba, hapa ni a au the?" Nyumba hii wananiita haboba, yaani bibi. Nilitazama vidole vyangu, vimepinda siku hizi, na gumba likaenda lenyewe hadi kidole cha kati. "The," nikamwambia, kwa sauti ya chini. Aliandika bila wasiwasi, akifyonza peremende. Mimi, mwanamke wa wajukuu tisa, nilikuwa nimeshageuka kuutazama mlango, kama madamu amesimama pale na rula yake.