Swali la Shangazi na Dude Lililoteleza Juu ya Maji

Nakumbuka Ijumaa moja chumbani kwetu Shumaisi, Riyadh, nilipokuwa mlinzi wa jengo la ofisi kule Olaya, na cheti changu cha fizikia kikilala chini ya godoro. Mwanangu, sina mvi hata moja. Lakini asiyefunzwa na wakubwa hufunzwa na ulimwengu, na siku ile walinifunza wote wawili.

Tulikuwa tukibishana juu ya video. Zamani Wasovieti waliunda dude kubwa ajabu, injini nane karibu na kichwa na mbili mkiani, likakimbia juu ya Bahari ya Kaspi bila kugusa maji wala kupaa. Wamarekani walipoliona kwenye picha za setilaiti, walikuna vichwa. Otieno, dereva niliyeishi naye, alisema ni meli. Mimi nikasema inategemea.

"Kwako kila kitu kinategemea, Profesa. Hata ugali?"

Simu ikalia. Alikuwa Shangazi Nafula, mfanyakazi wa nyumbani huko Jeddah. Madam wake alitaka jibu kabla ya jioni: afanyiwe upya ikama, kile kibali cha kuishi na kufanya kazi, ama apewe viza ya kutoka arudi Bungoma.

"Kitinda mimba wangu ananiita anti kwa simu," alisema. "Wewe ndiye umesoma. Nirudi ama nikae?"

Nikampa hoja za kukaa, nikampa na za kurudi. Kisha, sijui kwa nini, nikamsimulia lile dude. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Na liliishia wapi?"

"Lilipata ajali likazama. Lilikuwa zito mno kuopolewa."

"Baba, nimekuuliza njia, umenionyesha ukungu. Halas, yameisha. Narudi kwa mtoto."

Akarudi. Mtoto alijificha nyuma ya bibi yake siku kadhaa kabla ya kumkaribia. Kama shangazi aliamua vyema, hadi leo sijui. Kama lile dude lilikuwa meli au ndege, pia sijui.

Mwanangu, uliza kila kitu, hata haya ninayokwambia. Lakini mtu akikujia na mzigo kichwani, msaidie kuutua kwanza, ndipo mjadili uzito wake. Mwambie hata, "Sina hakika, lakini ningekuwa wewe ningerudi." Mshika mawili moja humponyoka, mimi nilishika yote, na aliyeniponyoka ni shangazi yangu, aliyelazimika kuamua peke yake.

Mungu akujalie maswali mengi, na akujalie kumjibu mwenzako kabla hujayamaliza.