Osuri ya Ogola

Mwanangu, kila nikikuona na wenzako mkipita na kamera zenu kupiga picha majengo ya zamani, kuna Jumapili moja hunirudia hata kama sikuiita. Keti nikueleze polepole, maana nataka uielewe vizuri.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vikuu. Mimi nilikuwa msichana, nafundisha watoto wa darasa la kwanza hapa Kisumu. Kulikuwa na kijana wa Kihindi, Kantilal, ambaye baba yake alikuwa na studio ya picha karibu na soko. Mji ulikuwa ukibomolewa huku na kujengwa kule, naye Kantilal akaingiwa na wazo kwamba nyumba za zamani zipigwe picha kabla hazijaondoka. Hakuna aliyetutuma, wala hatukulipwa. Kila Jumapili tulitoka watatu: yeye na kamera yake kubwa ya miguu mitatu, Owiti, fundi wa karakana ya reli, aliyeibeba, na mimi niliyeomba ruhusa milangoni.

Upande wa ziwani, njia ya kwenda Dunga, palikuwa na nyumba ya Mama Awuor. Ilikuwa ya mviringo, kubwa, ukuta wake wa udongo umesuguliwa kwa mkono hadi ukang'aa, na paa la nyasi limeshuka hadi kufunika baraza. Juu kabisa, kileleni, ilisimama osuri. Wewe umezaliwa chini ya mabati, kwa hiyo nikufafanulie. Osuri ni fimbo ambayo Mjaluo huichomeka juu ya paa la nyumba yake. Ikisimama, mwenye nyumba yu hai. Akifa, ndugu zake huishusha, na kila apitaye njiani hujua bila kuuliza.

Mwenye nyumba alikuwa Ogola, mume wa Mama Awuor. Alikwenda vitani Burma, hakurudi. Hakuna aliyemwona akifa. Wenzake waliposhuka kwenye gari moshi na makoti yao ya jeshi, Mama Awuor aliwaendea mmoja mmoja akiwauliza, na kila mmoja alisema walitenganishwa huko huko. Basi osuri ikabaki juu, naye akabaki mke wa mtu.

Halafu wakubwa wa mji wakatangaza kwamba ardhi ile inatakiwa, watu wahame. Kwa desturi yetu mwanamke hafungui boma jipya peke yake. Lazima ijulikane kama ana mume au ni mjane. Shemeji zake waliokaa Otonglo wakaamua kwamba wamesubiri vya kutosha. Wangezika tunda la yago, lile refu na zito linaloning'inia mtini, badala ya mwili ambao haukupatikana. Kisha wangeishusha osuri.

Mama Awuor aliniita. "Nasikia nyinyi mnapiga picha nyumba. Njooni Jumapili asubuhi, mapema, kabla shemeji zangu hawajaanza kuzika. Nataka kijana wangu aione hii nyumba vile baba yake aliiacha. Alizaliwa baba ameshaenda vitani."

Nikamwambia tutakuja.

Jumapili ile, tukiwa njiani, Kantilal aliona jua limepiga vizuri ukuta wa ghala la zamani la pamba karibu na gati. Akasema tusimame kidogo. Tulipomaliza akaona duka la mabati lenye nguzo za mbao zilizochongwa barazani, tukasimama tena. Nilimkumbusha habari ya Mama Awuor.

"Nyumba haina miguu, mwalimu," akasema Owiti. "Itaenda wapi?"

Tukacheka, na mimi nikacheka nao.

Tulipofika, kilio kilikuwa kimekwisha. Udongo mbichi ulikuwa umerundikwa upande wa kulia wa nyumba, na wanaume wameketi barazani. Kileleni mwa paa pamebaki shimo dogo. Osuri ilikuwa imelala karibu na mlango, na Mama Awuor ameketi kando yake, kichwa kimenyolewa.

"Mlikuwa wapi?" aliuliza. Hakupaza sauti.

"Kwa ghala, Mama," nikasema. "Jua ilikuwa nzuri kule."

"Na hapa ilikuwa mbaya?"

Kantilal alivua kofia, na niliona imemuuma kwelikweli. "Pole sana, Mama," akasema. "Owiti anaweza kupanda, arudishe ile fimbo juu. Dakika moja tu. Mimi napiga, halafu tunatoa tena. Kwa picha hakuna mtu atajua."

Mama Awuor aliiokota osuri akailaza magotini. Akapitisha kidole kwenye ncha yake. Nilimwona anataka, mwanangu. Hata shemeji yake mkubwa aligeuza uso, kama mtu aliyeamua kwamba akikubali hatamzuia.

"Asubuhi Ogola alikuwa na nyumba," alisema mwishowe. "Sasa nimemlilia. Mkirudisha hii, ikishuka nitamlilia tena? Na hiyo picha itakaa kuliko mimi. Mjukuu wangu ataiangalia aseme siku ile babu alikuwa hai. Nani atakuwa hapo kumwambia hapana?"

Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye nilikuambia. Hukuwaambia hawa?"

"Niliwaambia, Mama."

"Uliwaambia, halafu ukakaa nao."

Maneno yale hayajaniacha. Aliinuka, akasimama mlangoni, osuri mkononi, kama mtu anayemshikia mwenzake kitu hadi arudi. "Pigeni vile iko," akasema.

Mvua zilipokwisha nyumba ilibomolewa, na leo barabara inapita juu ya udongo ule. Kantilal alimpelekea Mama Awuor picha. Aliitazama kwa muda mrefu, akaifunga ndani ya leso, na sikumsikia akiitaja tena. Lakini lile ghala la pamba liliendelea kusimama miaka na miaka. Tungeweza kulipiga picha Jumapili yoyote.

Kwa hiyo nisikilize. Kazi mnayoifanya ni njema, wala sikuelezi haya ili uiache. Ila kabla ya kutafuta jua zuri, uliza ni kipi kinaondoka, uanze na hicho. Zungumza na wenye nyumba, kwa sababu ukuta hautakwambia saa yake. Wenzako wakisimama njiani, tangulia peke yako ukawaombee radhi kwa wenye nyumba hadi wafike. Na ukikuta umechelewa, piga ulichokikuta, usikirudishe kilichoshuka.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akufikishe kila mlango kungali na mtu ndani wa kukufungulia. Na pale utakapokuta pamenyamaza, akupe moyo wa kusimama hapo na kupaona palivyo.