Siku za Zamu, Tumbo la Binti Yangu Huuma

Mhariri, nakuomba ulifiche jina langu na la mtaa wangu, maana Mji wa Kale sote tunajuana na ukuta wa nyumba moja ndio ukuta wa nyumba ya pili. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, nimeolewa na karani wa bandarini na nina watoto watatu. Nataka kueleza habari za binti yangu wa katikati, mwenye miaka tisa, anayeumwa na tumbo tangu mwaka jana. Majirani husema nina subira. Subira gani! Someni kwanza.

Mwaka jana bwana wangu alioa mke wa pili, akamweka mtaa wa Majengo. Sikupiga kelele. Wanawake walikuja kunitazama kama nitalia, nikawapikia mahamri, wakala, wakaenda zao. Zamu zikapangwa, siku mbili kwangu na siku mbili kwake. Jioni ya kwanza ya zamu ya kule, bwana amekwisha kuvaa kanzu yake, mtoto akajikunja juu ya mkeka, ameshika kitovu, jasho linamtoka. Baba yake akaivua ile kanzu, akalala kwetu.

Tangu hapo ikawa ndiyo hali yetu, si kila zamu, lakini zamu nyingi. Tulimpa dawa ya minyoo, bibi mmoja akamkanda mchango, mwalimu wa chuo cha Kurani akamwandikia kombe la aya, akaliosha kwa maji, mtoto akanywa. Wapi! Siku hizo shule haendi, chuoni haendi, na mwili unamwisha. Nami, Mungu anisamehe, nikaanza kumuuliza kabla hajasema. Ikifika alasiri ya siku ya baba yake kuondoka, namwita, nampapasa, namuuliza, "Tumbo linakusumbua, mwanangu?" Siku za zamu yangu simuulizi. Sikumfundisha uongo, wallahi, lakini nilimuuliza huku nikiomba ndani ya moyo aseme ndiyo.

Mwezi uliopita nilimpeleka hospitali. Kuna daktari Muhindi pale, Kiswahili chake safi, anayewachunguza watoto wenye maumivu ya tumbo yasiyokwisha. Alimpima kila kipimo, asione ugonjwa. Kisha akamtoa mtoto nje akacheze, akaanza kunihoji mimi. Tumbo huuma siku gani? Nani yupo nyumbani? Likiuma, nani hufanya nini? Nilijivutia buibui usoni kama mwari. Nilipomaliza kueleza nilitamani ardhi ipasuke nami nikiwa juu yake.

Nilimuuliza kama mtoto anatudanganya. "Hadanganyi, mama," akaniambia. "Maumivu anayasikia kweli. Mtoto akiwa na hofu asiyoweza kuisema, mwili humsemea." Akasema ameona watoto wengi wa namna hiyo. Akaniusia nisimuulize habari ya tumbo, aende shule hata likimuuma kidogo, baba aende anakokwenda, na mtoto apendwe na kushughulikiwa siku ambazo ni mzima.

Hapo ningesema yote nyumbani, na mambo yangekwisha. Lakini niliona haya. Nilimwambia bwana maneno nusu tu, kwamba daktari hakuona kitu. Mama mkwe alikuwapo. Akasema kama hospitali hawakuona kitu, basi pana mkono wa mtu. Wote wawili wakanitazama mimi. Mimi nikasema mtoto aliwahi kuletewa halua na mama yake mdogo wa Majengo. Ni kweli aliletewa. Lakini hiyo halua niliila mimi pia, na ndugu zake waliila, na hayo sikuyasema.

Neno halina kamba, likitoka limetoka. Sasa bwana hakanyagi Majengo. Anaamini mkewe yule ni mchawi, na anamngoja kaka wa huyo mke arudi kutoka Lamu amkabidhi dada yake na talaka yake. Msichana wa watu, yatima, hana mwingine ila huyo kaka. Juzi alikuja kwangu mchana na kichupa cha mafuta ya habasoda, akanipa mkono, akaniita dada, akaomba amkande mtoto tumbo. Mama mkwe alimfukuza mlangoni mbele ya watu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nisifungue mdomo. Nilikuwa nikimchukia mwanamke huyu mwaka mzima, na siku hiyo nilijichukia mimi.

Jana nilikuwa nikichambua mchele, binti yangu akaja akakaa karibu nami. Akaniuliza, "Mama, nikipona, baba atakwenda kukaa kule moja kwa moja?" Machozi yakanishuka. Akanipangusa kwa ncha ya leso yangu. "Usilie, mama," akasema. "Si lazima nipone."

Wasomaji, mtoto wa miaka tisa amejitwika nyumba yangu tumboni mwake, nami ndiye niliyemtwika. Nikisema kweli, bwana atajua kwamba nilimtumia mwanangu kumzuia asiende kwa mkewe, kisha nikamsingizia mtu uchawi kwa kunyamaza. Huenda talaka ikanigeukia mimi, na watoto akawachukua. Nikinyamaza, mwanamke asiye na kosa ataondoka na jina la mchawi Mombasa nzima, na mwanangu ataendelea kuumwa kwa ajili yangu. Nasali, na kila nikiinua mikono kuomba dua nasikia aibu hata mbele ya Mola wangu. Kina mama wenzangu, nanyi wazee mnaojua mambo ya ndoa, niambieni nianze kwa nani, na maneno ya kwanza yawe yapi. Nishaurini, nifanye nini, kabla huyo kaka hajarudi.